Mjadala: Pikipiki iliyokwishatumika, uihudumie mwenyewe au umwachie fundi?

Mnunuzi Mpya
Wakuu, habari za leo. Nimenunua pikipiki iliyokwishatumika, cc 125, ya kabureta. Aliyeniuzia anaapa "servisi ilishafanyika", ila hana hata mstari mmoja wa maandishi. Naona kumwaga oili, kukaza cheni na kukagua plagi ni kazi za mwenye chombo. Kaka yangu anasema nitaiua kabla ya mwezi kwisha. Mnasemaje?

Spana Kumi
Kaka yako anakuonea. Chombo usichokijua historia yake, oili yake unaimwaga wewe ili uione kwa macho yako. Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, zima, weka beseni, fungua nati ya chini. Paka oili kidoleni uitazame kwenye mwanga. Ung'aring'ari laini kama vumbi usikutishe, injini imetembea hiyo. Vipande unavyovihisi kwa kidole, hapo kuna kitu kinakatika ndani. Mafundi wengi hata hawaangalii, wanamwaga tu, halafu nati wanaikaza kwa kukanyaga spana.

Fundi wa Zamu
Hapo kwenye kukanyaga spana umenigusa. Nina miaka 14 kwenye kazi hii, na hesi (mikunjo ya kushikia nati) zilizoliwa ninazoletewa nyingi ni za wenye spana moja na video mbili. Juzi kijana kaanza kufunga plagi imekaa upande. Ilipogoma akaongeza nguvu. Mimi nilipoifungua ilitoka na hesi ya kichwa cha silinda, imejiviringisha kama uzi. Plagi inaanzwa kwa vidole! Ikigoma, toa, anza upya. Ikiwa mpya, ikishakaa kwenye wosha yake, nusu mzunguko wa spana imetosha.

Spana Kumi
Sikusema wote, nilisema wengi.

Fundi wa Zamu
Hao wengi umewahesabu wapi?

Upepo wa Asubuhi
Jamani, mwenye swali anasubiri. Cheni unaiweza, mkuu. Ishike upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, ipandishe na uishushe. Pikipiki nyingi ndogo zinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30, ila fuata kitabu cha yako. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, maana cheni ya zamani hailegei sawasawa, na ushike kipimo cha pale inapobana zaidi. Ukiikaza ikawa kama waya, inakula beringi. Ukivuta ekseli ya tairi la nyuma ili kuikaza, alama za kushoto na kulia ziwe sawa. Oili nayo isikuumize kichwa, oili ni oili, muhimu usichelewe kubadilisha.

Kimya Kingi
Oili ni oili? Uliandika vizuri mpaka hapo. Klachi ya pikipiki kama hiyo inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kufanya sahani za klachi ziteleze. Unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi. Kopo liwe na alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Upepo wa Asubuhi
Nimetia ya gari miaka miwili na klachi haijateleza hata siku moja. Sasa nisiamini pikipiki yangu niamini kopo?

Spana Kumi
Mbona JASO MB nayo imeandikwa ya pikipiki?

Kimya Kingi
MB ni ya msuguano mdogo, inafaa skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili. Itie kwenye ya cc 125 yenye gia uone.

Fundi wa Zamu
Upepo, huenda unatumia oili nzito kama 20W-50. Hizo kwa kawaida hazina viungo hivyo. Alama ya kubana matumizi ya mafuta, dalili ya viungo hivyo, huwa kwenye oili nyepesi, zile ambazo namba ya mwisho ni 30 kushuka chini. Kwa hiyo umesalimika.

Mzee wa Gia
Binti, mambo ya klachi mwachie shemeji yetu.

Upepo wa Asubuhi
Shemeji yenu hajui hata kuendesha. Ekseli naifungua mimi, tapeti (nafasi za vali) naziweka mimi, injini ikiwa baridi na pistoni iko juu kwenye mgandamizo. Wewe mzee, ya kwako uliziweka lini kwa mkono wako?

Mzee wa Gia
Mimi nina fundi wangu.

Upepo wa Asubuhi
Basi mwite fundi wako aje tuzungumze naye.

Mnunuzi Mpya
Wakuu, nimerudi. Nimemwaga. Oili nyeusi, nyepesi kama maji, ila kidoleni hakuna vipande. Tatizo ni nati. Nimekuta imezungushiwa utepe mweupe wa mabomba ya maji, na nikiirudisha inazunguka tu, haishiki.

Spana Kumi
Hiyo ndiyo kazi ya fundi wa kukanyaga spana!

Fundi wa Zamu
Au ya mwenye chombo aliyeogopa kuja kwa fundi. Utepe huo nauona kila mara, na anayeniletea ni mwenye pikipiki.

Kimya Kingi
Aliyeuza alijua, yeyote aliyeifunga.

Mnunuzi Mpya
Sawa, lakini sasa hivi niweke oili ipi?

Fundi wa Zamu
Usiweke yoyote, kijana wangu. Isukume, usiiwashe, ipeleke kwa fundi anayepachika hesi mpya ya chuma ndani ya tundu. Inatengenezeka kabisa. Ukijaza leo na nati ikachomoka barabarani, oili yote inamwagikia tairi la nyuma ukiwa juu yake.