Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kuingia mgahawa wa Kithailand na Kichina pale mall, ilikuwaje?

Wakuu habari za Jumapili. Jana nilimtoa wife na mdogo wake, shemeji kamaliza mitihani ya chuo akasema yeye siku hiyo hataki chipsi kuku wala biriani, anataka Kichina. Tukaenda mall moja hapa Dar, ghorofa ya juu, ule mgahawa wa Kithai na Kichina humohumo. Menyu nene kama daftari la shule, picha na namba. Mimi nikapiga namba 47 kwa sababu kwenye picha niliona kamba wakubwa. Kumbe tom yum, ile supu ya Kithai ya uchachu na pilipili. Nikaanza kula kila kilichomo aisee, mchaichai nikatafuna, kuna vipande vinafanana na tangawizi ila vigumu kama kuni nikatafuna, majani ya mndimu nikameza. Jasho linanitoka, nasema Wathai wana meno hawa. Weita kaniangaliaaa, mwisho akasogea taratibu akaniinamia, "Kaka samahani, hivyo ni vya kunukishia tu, haviliwi". Shemeji mpaka leo akiniona anatafuna hewa.

Na wali hauji na mboga!! Unalipia peke yake. Leteni za kwenu.

Weita Mstaafu
Hahaha mkuu wewe si wa kwanza. Nimebeba sahani sehemu kama hiyo miaka miwili, kosa kubwa la wabongo ni kila mtu kuagiza chake na kukikumbatia. Kile chakula ni cha kuweka katikati, mko wanne mnachukua mboga tatu, supu moja, wali sahani mbili mnachota wote. Mkifanya hivyo hata bili inashuka. Halafu kuna baba mmoja alirudisha fried rice kwa hasira anasema tumempa kiporo. Sasa kaka, ile kitu ndo inavyotakiwa, wali uliolala kwenye friji unakauka kidogo, ukiutupia kwenye moto mkali punje zinaachana. Ukikaanga wali wa motomoto unapata bokoboko. Nilimwelezea akaniambia nimwitie meneja.

Vijiti navyo msijitese. Wathai waliokuwa wanakuja pale wenyewe walikuwa wanaomba kijiko na uma, uma wa kusukumia kijiko ndo kinaingia mdomoni, vijiti wanashika zikija tambi za supu. Nyie mnang'ang'ana nusu saa kunyanyua punje ya wali kisa picha ya status.

Mtoto wa Chumbageni
Mimi pilipili ilinivua nguo. Dada kaniuliza kidogo, ya kati au kali, nikamwangalia kama ananitukana, mimi mtu wa Tanga nimekulia pilipili mbuzi unaniuliza nini, lete kali. Nilikuwa nimechagua ile curry ya kijani kwa akili yangu nyekundu ndo ya hatari. Ikaja ina tui zito, inanukia vizuri, nikajua hii ni ndugu yake na samaki wa kupaka. Kijiko cha kwanza kitamu. Cha pili kitamu. Cha tatu masikio yakaziba. Kijani ile imetoka kwenye pilipili mbichi zenyewe, zimetwangwa! Nikagida maji ya baridi, moto ukazidi. Kilichoniokoa ni wali mweupe mkavu, nikawa nameza matonge kama mtu aliyekwamwa na mwiba.

Bi Mkubwa wa Kizingo
Mie niko Mombasa, kwetu la kwanza twauliza halali. Usitosheke kuona kuku. Niliwahi kuketi na wanangu nikafungua menyu, ukurasa wa pili nguruwe, nikamwita kijana nikamuuliza hicho kikaango ni kimoja ama mbalimbali? Akakwama. Nikamuuliza na mvinyo je, maana Wachina wautia kwenye mapishi mengi, akaenda jikoni hakurudi yeye, akarudi mwingine. Tukainuka kwa adabu. Na wenye watoto wasiopatana na karanga, pad thai, zile tambi za Kithai za kukaanga, ulizeni mapema, karanga husagwa zikanyunyizwa juu na ukizikwangua haisaidii.

Jamaa wa Thika Road
Huku Nairobi yangu ni ya bili. Bazdei ya mtu wa ofisi, tuko tisa, kila kitu "tushare tushare". Mimi nilijua mwezi umefika kona nikakula tambi za mboga na maji. Kuna msee kando yangu kaitisha kamba, bata, na zile mocktail za mwavuli mbili. Bili kufika, yeye ndo anasema kwa sauti ya upendo, "guys tugawe tu sawa". Nikashindwa niseme nini. Nilituma M-Pesa nikiangalia mkia wa kamba kwa sahani yake. So hiyo ya Weita Mstaafu ya kuweka katikati ni poa, lakini mkubaliane kabla ya menyu kufunguliwa.

Mama Pacha
Nyie wote mmelia, mimi nilimpeleka mama yangu, mtu wa Kilwa, hajawahi kula hotelini chochote asichokijua. Tukaletewa ule wali wa kunata na embe, umemwagiwa tui lenye sukari na chumvi kwa mbali. Akausogeza pembeni, "embe na wali, mmekosa mboga?" Nikanyamaza nikala wangu. Baada ya muda naona kijiko chake kimekuja kwenye sahani yangu. Bei alipoiona akasema hawa wameniuzia tui langu mwenyewe. Wiki hiyohiyo nikamkuta jikoni na dodo bivu na mchele wa Kyela, haukunata hata kidogo, ila sufuria tuliikomba.

Mleta uzi
Nimecheka mpaka wife kaja kuuliza kuna nini. Kasoma yote, kasema Jumamosi tunarudi, anaagiza yeye, mimi nishike simu na pochi tu. Weita Mstaafu, mboga tatu kwa watu watatu si zitabaki?

Weita Mstaafu
Chukueni mbili. Na 47 iacheni.