Kwa nini gemu ikitoka toleo jipya inakuwa kitu kingine kabisa? Wateja wananikimbia, naomba ushauri

Dogo wa Kirumba:
Habari zenu wakuu. Nina banda la gemu huku Kirumba, Mwanza, si mbali na uwanja. Kwa muda mrefu tulikuwa tunapiga PES 2013, gemu ya mpira, kwenye mashine mbili za PS3 na biashara inatembea, jioni wapiga debe na vijana wa mwaloni wanawekeana soda hadi nafunga kwa kuwafukuza. Sasa nimeboresha, nimeweka PS4 na eFootball, ambayo ndiyo hiyohiyo PES imebadilishwa jina. Mteja anashika padi, anacheza mechi moja, anaiweka chini. Wanasema siyo yenyewe. Mchezaji anageuka kama lori la mchanga, timu za kuchagua chache, na kila saa inadai intaneti. Mtaa wa pili kuna jamaa ana PS2 imechoka kabisa na benchi lake limejaa.

Hawa watengenezaji wana shida gani? Kitu kinapendwa, wanakivunja. Na je, nivumilie hadi wateja wazoee? Ushauri tafadhali, siyo matusi.

Sato Mkavu:
Nimekaa siti ya mbele. Anayepita Mlango Mmoja aniletee karanga.

Fundi Makoroboi:
Mkuu, toleo la pili ni jina, na jina ni mali ya kampuni. Ndani wanaweka wanachotaka. PES 2014 kwenye PS3 walibadilisha injini nzima ya gemu, wakaanza kujenga upya, na muda ukawabana hadi mvua haikuwemo. Ile ya PS2 ya mwaka huohuo ikabaki na mwili wa zamani, ndiyo maana kuna watu hawakuona tofauti yoyote.

Hiyo eFootball ilitoka Septemba 2021 ikiwa mbovu mno hadi Konami, kampuni inayoitengeneza, wakaomba radhi. Wamerekebisha mengi, lakini msingi ni uleule: gemu inatolewa bure, hela wanaitafuta kwa kuuza wachezaji ndani yake, na ilipangwa watu wa simu na wa mashine wakae pamoja. Banda lako halimo kwenye hesabu zao. Wao wanamtaka mtu mmoja mwenye bando lake, wewe unauza watu wawili kwenye benchi moja.

Mama Wawili Nyakato:
Mimi nitauliza jambo moja. Watoto wa shule wanaingia humo? Maana wangu aliwahi kula nauli yote kwenye mabanda hayo, akatembea toka Mabatini kwa miguu, viatu vikaisha. Mnalalamika gemu imebadilika, mbona nyie hambadiliki?

Dogo wa Kirumba:
Mama, wenye sare siwaruhusu kabla ya saa kumi.

Mama Wawili Nyakato:
Kwa hiyo saa kumi wanaingia. Asante.

Mzee wa Kaseti:
Haya mambo hayakuanza leo, vijana. Sisi wa gemu za kaseti tulisumbuliwa na Mario. Ya kwanza unakanyaga adui anakufa. Ya pili unamkanyaga anakubeba mgongoni, unang'oa mboga ardhini unamrushia! Tulidhani tumeuziwa feki. Baadaye sana ndiyo nikajua: Japani walitoa Mario ya pili yao mwaka 1986, inafanana na ya kwanza ila ngumu ya kutoa machozi. Ofisi ya Nintendo ya Marekani ikaona hiyo itawakimbiza wateja. Wakachukua gemu nyingine kabisa ya mwaka 1987, Doki Doki Panic, wakatoa sura za mle wakaweka Mario na wenzake, wakaiuza 1988 kama Mario ya pili. Na watu wakaipenda! Mdogo wangu mpaka leo anaona ndiyo bora kuliko zote. Huyo mdogo wangu sasa ana boti mbili Ukerewe, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kichwa cha Sangara:
Mzee umegusa penyewe. Hata gemu ya Devil May Cry ya 2001 ilianza kama Resident Evil 4, yaani toleo la nne la gemu nyingine. Walipoona imeenda mbali mno na familia wakaipa jina lake. Resident Evil 4 yenyewe ikaja 2005, nayo ikabadilisha kamera na kila kitu, ikawa moto. Kwa hiyo kubadilika si tatizo. Tatizo ni kumbadilishia mtu ambaye hakuomba.

Na kinyume chake kipo. Gemu ya mpira ya FIFA, mkataba wa jina uliisha, 2023 kampuni ya EA wakatoa EA Sports FC 24. Jina jipya, lakini ukishika padi uko nyumbani.

Binti Capripoint:
Mnatoa mihadhara, swali rahisi hakuna anayeuliza. PS3 mbili ziko wapi? Ziweke pembeni ya PS4, mteja achague.

Dogo wa Kirumba:
Kwa sasa hazipo.

Binti Capripoint:
Hazipo zimeenda sokoni?

Dogo wa Kirumba:
Nimeziuza ili nipate PS4. Mtu wa biashara lazima aende na wakati.

Fundi Makoroboi:
Diski za PES 2013 je?

Dogo wa Kirumba:
Zimeenda nazo.

Sato Mkavu:
😂😂😂 karanga zimefika

Binti Capripoint:
Dogo, hilo banda ni lako?

Dogo wa Kirumba:
Naliendesha mimi. Alianzisha bro, yuko Busisi kwenye kivuko, PS3 alinunua yeye. Lakini hapa anakuja kwa mwaka mara ngapi? Umeme nalipa mimi, kodi nalipa mimi. Nilitaka akija akute kitu kipya afurahi. Na msinishauri kurudi nyuma, PS4 ya pili nimeshaitolea malipo ya awali.

Kichwa cha Sangara:
Kwa hiyo umetoa Banda la Bro 2. Jina lilelile, ndani kitu kingine, na mwenye jina hana habari. Halafu unawalaumu Konami.

Mama Wawili Nyakato:
Mpigie kaka yako leo. Asisikie kwa watu.

Jicho la Kigongo:
Samahani, mimi naona hii ni chai. Kivuko gani cha Busisi? Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu, napita kila wiki kwa gari. Huyo bro anavusha nani?

Sato Mkavu:
Chai ya maziwa hiyo 🫖

Dogo wa Kirumba:
Nimeandika kwa mazoea. Alikuwa kivukoni, sasa yuko Geita anasimamia karasha la mtu, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kuna ubaya gani?

Jicho la Kigongo:
Saa moja iliyopita Busisi, sasa Geita. Jioni atakuwa Kigali.

Mzee wa Kaseti:
Muacheni, familia yetu bado inasema "yuko kivukoni" kwa shemeji ambaye alishaacha kazi. Ila mimi nawakumbuka wale wa kuuza samaki na mahindi kwenye foleni ya magari. Walienda wapi?

Jicho la Kigongo:
Usianze, Mzee. Foleni ile ilinikalisha na mgonjwa kwenye gari. Wauza mahindi watafute barabara nyingine.

Mzee wa Kaseti:
Rahisi kusema ukiwa na gari.

Binti Capripoint:
Kivuko mfungulie uzi wake. Dogo, kama ni kweli: hiyo PS4 ya pili usiimalizie. Nenda kaombe urudishiwe hata nusu, utafute PS3 moja kabla bro hajaja.

Dogo wa Kirumba:
Jamaa alisema hela hairudi. Na PS4 hizi hata hivyo zinaweza kuchukua PES 2021, hiyo haidai intaneti kila saa. Nafikiria kujaribu hiyo kwanza.

Fundi Makoroboi:
Sasa ndiyo umesema la maana. Ila siyo 2013, wateja watalalamika tena, kidogo. Kwangu ipo PS3 moja, ila kwenye padi yake analogi ya kushoto inavuta upande. Njoo na hela, na kama bro ni wa kutunga, njoo na hela hivyohivyo.