Wanamuziki, mnaziangaliaje filamu za muziki bila kukereka?

Kidole_cha_Solo (Tanga)

Wakuu salama? Swali langu ni la wapiga vyombo hasa, ila hata mshabiki karibu. Mi napiga gita la solo hapa Ngamiani, harusi, kumbi, mwambao wa zamani na kopi za Jamhuri Jazz na Atomic, bendi zetu za zamani hapa Tanga, wateja wakizitaka, sasa shida yangu nikiweka muvi yoyote yenye mwanamuziki ndani stori inanipita pembeni, macho yote mkononi. Gita linalia huko juu kabisa kwenye nyuzi nyembamba, jamaa mkono wa kushoto umetulia kule kichwani mwa gita kama kashika mlingoti jahazi lisimwangushe. Kinanda ndo usiseme, ukiona kamera inamchukua mpigaji kuanzia mabega kwenda juu anatikisa kichwa kwa hisia ujue vidole havijui kitu. Halafu gita la umeme halina waya, bendi ipo ufukweni, spika hazionekani, umeme wa nani hatuambiwi. Wife kashasema nikifungua mdomo tena muvi ikiendelea nikalale.

Najua kwa nini inakuwa vile. Wimbo unarekodiwa kwanza studio, siku ya kushuti wanaufungulia na muigizaji anafuatisha, maana kipande kimoja kinashutiwa mara nyingi, na mtu akiimba upya kila mara mwendo haulingani, huwezi kuviunga. Ila wapo waliojilipua. Les Misérables ya 2012 waigizaji waliimba palepale mbele ya kamera, wana vidude masikioni wanasikia kinanda kinachopigwa pembeni kikiwafuata wao, sio wao kukifuata. Zipo sehemu sauti zinakwaruza lakini unamwamini mtu.

Iliyonikamata kweli ni Inside Llewyn Davis ya 2013. Oscar Isaac anaimba na kupiga gita kavu mwenyewe, laivu, kidole gumba kinatembeza besi, vidole vingine vinachokonoa wimbo juu yake, na kamera haimkwepi mkono hata kidogo. Stori yenyewe ni jamaa wa New York 1961 hana pa kulala, kila siku kwenye kochi la mtu mwingine. Kuna mahali anaitwa studio kurekodi wimbo wa kipuuzi, anachukua hela taslimu ya siku hiyo anaacha mirabaha, maana njaa haisubiri. Baadaye anakwenda mpaka Chicago kumpigia mwenye ukumbi, anapiga wimbo mzima, vizuri kabisa, mwenye ukumbi anatulia anasikiliza mpaka mwisho halafu anamwambia hapa sioni pesa. Nilizima kwanza nikaenda nje kupunga upepo. Mnaowajua wenye kumbi wa hapa Tanga mtanielewa.

Sasa nauliza, ipi nyingine mwanamuziki anaweza kuiangalia mpaka mwisho? Na ipi niiache?

ChapuoNaVumi (Bagamoyo)

Mkuu umegusa penyewe. Mi nimesomea ngoma hapa Bagamoyo, TaSUBa, wazee bado wanaita Chuo cha Sanaa, na kila mtu akijua unapiga dramu anakuuliza umeiona Whiplash, ile ya mwanafunzi wa dramu za jazi na mwalimu wake mkali? Nimeiona. Mikono ipo sawa kwa kiasi kikubwa, yule Miles Teller alikuwa anapiga dramu tangu kijana, sio mtu aliyeokotwa wiki mbili kabla. Dairekta Damien Chazelle naye alipiga dramu shuleni chini ya mwalimu mkali ndo hiyo stori ikatokea humo, na J.K. Simmons aliyecheza mwalimu akachukua Oscar, halali yake, maana yule mzee akiinua ngumi kusimamisha bendi hata wewe uliyeko sebuleni unaacha kutafuna.

Ila kama mpigaji yapo mawili yananikwaza. La kwanza damu. Kijana anapiga mpaka mikono inachanika, damu inadondokea kwenye ngoma, anaweka barafu anaendelea, na watu wanapiga makofi oh kujituma. Bana, mikono ikichanika vile ujue umeshika fimbo vibaya, umekaza mabega, unapigana na ngoma. Mwalimu wa kweli angemsimamisha dakika ya kwanza amrekebishe mshiko kwanza afu ndo habari ya spidi ije. Mule ndani spidi ndo imefanywa kipimo cha kila kitu. Wanatumia ile hadithi ya mpiga dramu Jo Jones kumrushia Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyekuwa bado kijana, sahani ya dramu kule Kansas City miaka ya 1930, kwenye muvi mwalimu anasema nusura imkate kichwa, wakati inavyosimuliwa siku zote sahani iliangushwa miguuni kwake, ni kumwambia dogo shuka jukwaani. Kumuaibisha mtu na kutaka kumuua ni vitu viwili.

La pili ndo kubwa. Muvi karibu nzima hakuna anayemsikiliza mwenzake. Bendi ina besi, ina kinanda, ina ukuta wa tarumbeta, lakini dogo anapiga kama yuko peke yake chumbani. Huku kwetu ukianza mdundiko wanakupa ngoma ndogo, unashika mdundo mmoja mpaka uuchoke, huruhusiwi kupamba, kazi yako ni kumuwekea anayepiga ngoma kubwa njia ya kupita, na yeye hapigi anachojisikia, anaangalia miguu ya wachezaji. Ukikimbia wachezaji wanakuacha na ngoma yako. Ndo maana mimi zile dakika za mwisho, kwenye ule wimbo Caravan wa Juan Tizol na Duke Ellington, ndo nazirudia, kwa sababu pale mwanzo wanakomoana lakini kuna sehemu mwalimu anamshusha dogo taratibu kwa mkono, taratibu, halafu anampandisha tena na wanatazamana. Pale wanasikilizana. Ni mara ya kwanza muvi nzima na ndo inaisha!

Mtoto_wa_Makorora

Hiyo Whiplash mi niliiangalia kibanda umiza iliyotafsiriwa. Aisee msithubutu. Dramu solo ya mwisho mtafsiri anaongea juu yake mwanzo mpaka mwisho, "hapo sasa dogo anachapa, anachapa, mzee anashangaa", na kila akiongea anashusha sauti ya muvi. Sikusikia hata sahani moja. Kumbe ndo sehemu yenyewe.

ChapuoNaVumi (Bagamoyo)

😂😂😂 ulilipa kiingilio ukaangaliwa wewe

kaka_mkubwa_Chuda

Nyie wanamuziki mna matatizo. Kwani daktari akiangalia muvi za hospitali azime? Polisi je? Muvi ni stori, mkitaka vidole vilingane nendeni mkaangalie shoo.

Kidole_cha_Solo (Tanga)

Kaka hoja yako naipokea, ila ukiona mwanajeshi kwenye muvi kashika bunduki kinyumenyume si utacheka? Ndo hivyohivyo tu. Na daktari hawezi kukuvumilia na wewe, muulize.

Forodhani_Jioni

Iache Bohemian Rhapsody ya 2018, ile ya bendi ya Queen na mwimbaji wao Freddie Mercury, kama unajua historia, iangalie kama hujui. Mimi nilikwenda nayo kwa sababu Freddie Mercury ni mtoto wa kwetu Unguja, kazaliwa pale 1946 anaitwa Farrokh Bulsara, nikidhani tutaona japo ngazi moja ya Mji Mkongwe. Wapi, Unguja inatajwa juujuu unapiga chafya imepita.

Mchezo wa jukwaani siwezi kuusema vibaya. Brian May na Roger Taylor, wenzake Freddie kwenye bendi, wenyewe walisimamia muziki, ile sauti ni mchanganyiko wa Freddie mwenyewe na jamaa anaitwa Marc Martel, na Rami Malek aliyemcheza Freddie kaishika miondoko yote, mwendo, bega, ule mlingoti nusu wa maiki. Kilichonichefua ni mpangilio wa mambo. Wanatuonyesha bendi ilivunjika halafu ikaungana tena kwa ajili ya Live Aid, lile tamasha la hisani la Julai 1985, wakati 1984 walitoa albamu na Januari 1985 walikuwa Brazil kwenye Rock in Rio wanapiga. Bendi ilikuwa moto! Ndo maana walipiga vile Live Aid, kwa sababu walikuwa kazini, hawakutoka nyumbani wakapanda. Na ugonjwa wake wanaonyesha aliwaambia wenzake kabla ya ile shoo, wakati inajulikana ni baadaye. Mwanamuziki anajua bendi iliyokaa muda bila kupiga pamoja inasikikaje. Haisikiki vile.

Bi_Dumbak

Mashosti wa huku wapo au ni wanaume watupu? Naona mmezunguka Marekani na Uingereza mmesahau nyumbani.

Tafuteni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilifika hadi tamasha la Toronto. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin kakimbia ndoa ya kulazimishwa, Denge yuko kwenye siasa za kumtoa Mwingereza. Mapenzi yapo ya kutosha lakini mimi nilimfuata Mwajuma, kachezwa na Siti Amina ambaye ni mwimbaji na mpiga udi kweli, sio wa kufundishwa kwa ajili ya kamera. Tofauti unaiona kabla hajafungua mdomo. Mwimbaji wa taarab haanzi kuimba na koo, anaanza kukaa, anavuta pumzi anaiweka mahali, macho yanakwenda kwa watu yanachagua nani leo atapata ujumbe. Muigizaji wa kawaida anafumba macho tu akidhani ndo hisia. Jamani taarab huimbi umefumba macho, utajuaje mhusika kasikia?

Na kama hamjaona ile ya Bi Kidude, As Old as My Tongue ya 2006, hiyo sio ya kuigiza, ni yeye mwenyewe na sigara yake na ngoma ya unyago. Hakuna wa kulinganisha mdomo na sauti pale, kamera ndo inahangaika kumfuata bibi.

Bongo muvi sizungumzii. Mtu kafiwa, kinanda kinalia. Mtu kaachwa, kinanda kilekile. Mtu anakwenda sokoni kununua nyanya, na kenyewe kinamsindikiza, tena kwa sauti kubwa kuliko maongezi.

Kidole_cha_Solo (Tanga)

Dada shikamoo yako naiweka hapa kabisa. Hilo la kufumba macho namfikishia mwimbaji wetu leo leo.

Fundi_Mitambo

Nimesoma kimya muda mrefu. Mi sipigi chombo, nakaa kwenye miksa, naomba niongeze Sound of Metal. Mpiga dramu wa bendi nzito, yeye na mpenzi wake wanaishi ndani ya gari wanazunguka na shoo, siku moja masikio yanakata. Riz Ahmed alijifunza dramu na lugha ya alama miezi kadhaa kabla. Ila ubora wake kwangu sio mikono, ni sauti. Wanakuingiza ndani ya sikio lake, unasikia kilichobaki, mngurumo kama wa chini ya maji, halafu wanakutoa nje unasikia dunia kama kawaida, halafu wanakurudisha ndani. Baadaye anauza vyombo na gari apate hela ya upasuaji wa kifaa cha kusikia, na sauti ya kile kifaa wameitengeneza inakwaruza kama bati, muziki hautambuliki. Walipata Oscar ya sauti na ya uhariri, na hapo sina ubishi. Iangalieni na hedfoni, sio spika ya simu.

Kilichonikaa ni kwamba wale wawili ni sisi. Harusi za hapa spika zimepangwa ubavuni mwa mpiga dramu, saa sita usiku mwenye shughuli anakuja kuniambia ongeza. Wataalamu wa afya kazini kule Marekani wanasema sauti ya desibeli 85 (ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho masaa 8, na kila ikipanda 3 muda unakatika nusu, kwahiyo ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Sisi tunakaa humo mpaka asubuhi. Mtu akilala masikio yanalia wiiii anadhani ni uchovu.

ChapuoNaVumi (Bagamoyo)

Fundi umenitisha, na yangu yanalia tangu Jumapili.

Ya mwisho kwangu: Black Panther. Sio muvi ya muziki lakini sikilizeni tama kila T'Challa, yule mfalme, akitokea, ngoma ya kwapani ya Senegali, kapiga Massamba Diop mwenyewe. Mtunzi Ludwig Göransson alikwenda kule kwanza akazunguka na mwimbaji wa kule Baaba Maal akasikiliza, akaja kuchukua Oscar. Sasa najiuliza Bagamoyo hapahapa marehemu mzee Hukwe Zawose alikaa na ilimba zake, vile vinanda vya kupiga kwa vidole gumba, akazunguka nazo dunia, familia ipo bado inapiga, na mtu wa muvi hapa nchini anakwenda kudownload kinanda cha Bi Dumbak. Ilimba moja tu kwenye kipande cha mtu anayetembea peke yake, jamani, hata maongezi huhitaji.

Mtoto_wa_Makorora

Nani anayo Sound of Metal kwenye flashi? Isiwe ya kutafsiriwa tafadhali.

Fundi_Mitambo

Ninayo. Njoo kesho mchana kabla sijaenda kufunga mitambo, na flashi uisafishe, ile ya mwezi uliopita iliniletea virusi laptop nzima.