Sonona ya uzeeni na demensia: nianzie wapi utafiti wa miaka mingi?

Mwanagenzi_MMed
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili wa MMed (uzamili wa udaktari bingwa) ya magonjwa ya akili na ninaandaa pendekezo la tasnifu. Swali langu: mzee anayepata sonona kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60, je, sonona ndiyo inayomsukuma kwenye demensia (kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa akili), au ni demensia imeshaanza na inajionyesha kwanza kwa sura ya huzuni? Msimamizi anasema swali ni pana mno kwa tasnifu, ila linaweza kubeba kazi ya maisha. Naomba ushauri wa mambo matatu: kazi ya mtafiti gani niisome kama ramani, vipimo gani nitumie kwa wazee ambao wengi hawakusoma, na sampuli iwe kubwa kiasi gani. Fedha bado sina.

Kizingiti
Anza na George Alexopoulos, mtafiti wa sonona ya wazee wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York. Soma makala zake kwa mpangilio wa miaka, utaona jinsi swali moja lilivyozaa lingine.

Mwaka 1988 alitengeneza kipimo kabla ya kitu kingine chochote: Kipimo cha Cornell cha Sonona katika Demensia. Vipimo vya wakati ule vilitegemea kauli ya mgonjwa mwenyewe, na mwenye demensia hakumbuki alivyolala wala alivyokula juzi. Cornell kina vipengele 19, kila kimoja alama 0 hadi 2. Unamhoji mlezi kwanza kwa dakika kama 20, kisha unakaa na mgonjwa dakika kama 10, na unaangalia wiki iliyopita tu. Alama zaidi ya 10 zinaashiria huenda kuna sonona kubwa, zaidi ya 18 ni dhahiri. Wanaoanza hukosea hapa: dalili inayotokana na ulemavu au ugonjwa wa mwili haihesabiwi. Mzee aliyekonda kwa kifua kikuu usimpe alama za kupungua uzito.

Mwaka 1993 alichapisha ufuatiliaji wa wazee 57 waliolazwa kwa sonona kubwa. Wazee 23 kati yao walikuwa na dalili za demensia zilizoondoka sonona ilipotibiwa. Katika ufuatiliaji wa wastani wa karibu miezi 34, asilimia 43 ya hao walipata demensia ya kudumu, dhidi ya asilimia 12 ya wale wenye sonona peke yake. Tangu hapo lile neno "demensia ya uongo" linawapumbaza madaktari: akili ikirudi, mgonjwa huruhusiwa na faili hufungwa, wakati huyo ndiye wa kuitwa kliniki kila mwaka. Ila usiichukue 43 ukaipeleka kwa familia yoyote inayokuja kliniki. Hawa walikuwa wagonjwa wazito wa wodini, na wachache.

Mwaka 1997 yeye na wenzake wakaleta dhana ya sonona ya mishipa, yaani maradhi ya mishipa midogo ya damu ya ubongo huharibu njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani. Mzee wa aina hii huwa mzito wa kuanza na kupanga mambo, hana hamu, na mara nyingi halalamiki huzuni. Baadaye akahamia tiba za mazungumzo zilizolenga udhaifu huohuo wa kupanga. Kwa hiyo ni kipimo, ufuatiliaji, dhana, tiba, na kila hatua iliegemea iliyotangulia.

Swali lako la "kipi kilianza" limejibiwa kwa sehemu na Whitehall II, utafiti uliowafuatilia watumishi wa serikali wa London. Matokeo yalitoka mwaka 2017: watu 10,189, miaka 28. Dalili za sonona za umri wa kati hazikuhusiana na demensia, ila zile za uzeeni zilihusiana, na mstari wa dalili za waliokuja kuugua ulianza kuachana na wa wenzao miaka kama 11 kabla ya utambuzi. Hilo linaelekea upande wa "demensia imeshaanza". Lakini wale walikuwa na kazi na mishahara, na utambuzi ulitoka kwenye kumbukumbu za hospitali. Nafasi yako ipo hapo.

Bi_Takwimu
Nijibu la sampuli. Ukitegemea tofauti kubwa kama ile ya 1993 (43 dhidi ya 12), hesabu ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti kama kweli ipo) inakupa watu kama 29 kila kundi, na utafurahi bure. Kwenye jamii tofauti huwa ndogo. Chukua asilimia 20 dhidi ya 10: unahitaji karibu 200 kila kundi. Ongeza wanaopotea njiani wakati wa ufuatiliaji. Ukipoteza asilimia 20 kila mwaka, katika watu 200 unabaki na 160, kisha 128, kisha 102. Ili ubaki na 200 baada ya miaka mitatu uanze na 390 au zaidi kila kundi. Hiyo si tasnifu ya MMed, msimamizi wako yuko sahihi.

Tena wanaopotea hawapotei kwa bahati. Wenye sonona na wenye kumbukumbu mbovu ndio hufa mapema, au huhamishiwa kwa mtoto mjini. Ukiwafuta kwenye hesabu, uhusiano unapungua au unatoweka. Kifo kihesabiwe kama tukio shindani, yaani linalomwondoa mtu kabla demensia haijaonekana, na ndugu ahojiwe kuhusu hali ya akili ya marehemu katika mwaka wake wa mwisho.

Pendekezo langu: tasnifu iwe ya kukata mara moja, yaani kupima mara moja bila kufuatilia, wazee wenye sonona na wasio nayo, lakini chukua idhini ya kurudi. Bila sentensi hiyo kwenye fomu, miaka miwili baadaye unaanza upya. Wakati unatafuta fedha, chambua data zilizopo. HAALSI, utafiti wa afya ya watu wanaozeeka wa Agincourt, Afrika Kusini, ilianza na watu 5,059 wa miaka 40 na zaidi, ina sonona na kumbukumbu, na data zake huombwa bila malipo.

Mzee_wa_Nyanda
Upande wa vipimo, achana na Mini-Mental (kipimo maarufu cha kumbukumbu na akili) kwa mzee ambaye hakukaa darasani. Kuandika sentensi na kunakili pembetano kunapima shule. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ndiko kilikotengenezewa kipimo cha IDEA: kueleza daraja ni nini, jina la kiongozi wa kijiji, siku ya wiki, kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno kumi baada ya muda, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Jumla ni 15. Saba kushuka chini huenda ni demensia, nane na tisa ni ya kuchunguza zaidi. Hakikisha mzee anaziona njiti kabla ya kumpa sifuri, maana mtoto wa jicho ni mwingi.

Kwa sonona, GDS-15, dodoso la sonona ya wazee lenye maswali 15, ni ya ndiyo na hapana, kwa hiyo inasomeka kwa sauti, na kikomo cha kawaida ni alama 5 au 6. Lakini swali la kupendelea kubaki nyumbani kuliko kutoka litakupa "ndiyo" kutoka kwa kila mwenye goti bovu. Lijaribu kwanza kwa wazee kumi hivi, kila mmoja aeleze kaelewa nini. Demensia ikiwa imesogea, GDS haiaminiki, hamia Cornell.

Kabla ya kumwita mtu ana demensia, ondoa haya: kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa maambukizi, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, VVU, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, na dawa. Dawa niitaje: amitriptilini. Ni rahisi, iko kila mahali, wazee hupewa kwa usingizi na maumivu, na hufifisha kumbukumbu. Usipoiandika kwenye dodoso utadhani umepata demensia ya sonona.

Umri ukiwa haujulikani uulize kwa matukio: Uhuru 1961 alikuwa ameanza shule? Muungano 1964 alikuwa anachunga? Na kwa kurudi, chukua simu za ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti, jina la balozi wa nyumba kumi, na alama ya njia. Simu ya mzee mwenyewe ndiyo ya kwanza kubadilika.

Na siku ya kwanza kabisa uwe na mpango wa anayesema anataka kufa: nani anaitwa, gari lipi, wodi ipi. Kamati ya maadili itauliza.

Mwanagenzi_MMed
Asanteni sana. Je, nikiongeza kikundi cha kupewa setralini, dawa ya sonona, ili kuona kama kumbukumbu inarudi?

Kizingiti
Hapana, si kwenye tasnifu. Kwanza soma jaribio la Sube Banerjee wa Uingereza, lililochapishwa mwaka 2011: watu 326 wenye sonona pamoja na Alzheimer (aina ya demensia) inayodhaniwa, waliogawanywa makundi matatu: setralini hadi mg 150, mirtazapini (dawa nyingine ya sonona) hadi mg 45, na kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Wiki ya 13 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu sawa, ila madhara yalikuwa asilimia 43, 41 na 26 kwa mpangilio huo. Hao walikuwa na demensia tayari. Kwa mzee mwenye sonona bila demensia dawa bado zina kazi. Huyo anza na setralini mg 25, panda hadi 50, pima sodiamu ya damu baada ya wiki mbili hivi kwa sababu hushuka na kuleta kuchanganyikiwa, na mpe wiki 8 kabla ya kusema imeshindwa. Kumbukumbu ipime tena sonona ikishatulia, siyo katikati.

Bi_Takwimu
Na hicho kipimo cha pili, baada ya kutulia, ndicho kiwe mstari wako wa kuanzia kwa ufuatiliaji. Ukitumia cha siku ya kulazwa, kila mtu ataonekana kapona mwaka wa kwanza.