Tupeane uzoefu: siku ulipofiwa, imani yako juu ya ufufuo ilikushika vipi?

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Miaka yote nimekiri "ufufuo wa mwili na uzima wa milele" kila Jumapili bila kukwama. Mwaka huu nimemzika mama, nikakwama. Alipokata roho mkono wake ulikuwa bado na joto. Nikawa naubonyeza ukucha wa kidole gumba nione kama ule wekundu utarudi. Haukurudi. Mchungaji akaniambia mama yuko na Bwana tayari. Mama mdogo akasema amelala mpaka parapanda. Wote wanasoma Biblia ileile. Naomba tusigombanie mafundisho, kila mtu asimulie yaliyomkuta yeye.

Mchangiaji wa 1
Pole sana mpendwa. Mimi ni Msabato, niko upande wa mama mdogo wako. Baba aliugua muda mrefu, miezi ya mwisho usingizi ulimkataa kabisa, usiku kucha tulikuwa tunamgeuza. Alipofariki nilishika neno la Bwana: "Rafiki yetu, Lazaro, amelala." Nilijua hana maumivu, na haoni sisi watoto wake tunavyovutana. Akifumba macho na kufumbua, kwake itakuwa ni sauti ya Yesu inamwita. Hicho ndicho kilichonifanya nisimame kaburini.

Mchangiaji wa 2
Kwangu ni yule mhalifu msalabani. "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Najua ndugu zetu Wasabato wanaiweka "leo" upande wa "nakuambia", na ni kweli maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama za mkato. Lakini mume wangu alipoondoka, neno "leo" ndilo pekee nililoweza kulibeba. Siku ya mwisho ilikuwa mbali mno kwangu.

Mchangiaji wa 3
Tumsifu Yesu Kristo. Sijawahi kuandika habari hii popote.

Mwanangu wa kwanza aliishi saa tatu. Walimvisha kofia ya sufi, ikawa inamshukia mpaka machoni, nikawa naipandisha kwa kidole nimwone. Hakubatizwa. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi mwenyewe sikukumbuka. Wiki hiyohiyo mtu mzima wa kanisani, tena kwa sauti ya upole, akaniambia watoto wa namna hiyo hawamwoni Mungu, wanakaa mahali paitwapo limbo. Nilitembea na neno hilo miaka kumi na moja. Nikiomba "raha ya milele uwape ee Bwana" nilikuwa namruka, nikiona sala hiyo haimhusu.

Padre mmoja niliyeungama kwake ndiye aliyenifungua. Akanionyesha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1261: Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Akaniambia limbo ilikuwa maoni ya wanateolojia, haikuwahi kuwa dogma, yaani fundisho rasmi la imani, na kwamba mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka kuhusu jambo hilihili. Nikautafuta, nikausoma wote. Hausemi kwa uhakika kwamba ameokoka. Unasema zipo sababu nzito za kutumaini. Mwanzoni nilikasirika, nilitaka uhakika. Baadaye nikaona kwamba hata kwa mama yangu mzazi, aliyebatizwa na kupakwa mafuta, sina zaidi ya tumaini hilohilo. Sasa tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote, namtaja kwa jina. Nilimpa jina mwaka ule niliposoma.

Mchangiaji wa 4
Dada hapo juu, nimelia. Asante.

Mimi kaka yangu aliandika achomwe, tukaheshimu. Kilichonitesa ni chombo chenyewe: nilikipakata kwenye gari, kizito kuliko nilivyodhani. Nikawaza, Bwana atamfufua kutoka wapi? Nikasoma 1 Wakorintho 15, pale Paulo anaposema unachopanda si mwili utakaokuwa, ila chembe tupu. Na Ufunuo 20, bahari inawatoa wafu waliomo ndani yake. Kama bahari itawatoa, majivu si kazi kwake. Hata Wakatoliki, waliokataza zamani, waliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963 mradi mtu asifanye hivyo kwa kuukana ufufuko.

Mleta mada
Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Nikarudi Yohana 11. Martha alikuwa na fundisho sahihi kabisa, "najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho", lakini kabla ya hapo alishamwambia Bwana, "kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Na Yesu, aliyekuja akijua atamwamsha Lazaro, alilia.

Jumapili iliyopita tulipofika "ufufuo wa mwili" niliuona tena ule ukucha. Sauti ikakatika. Aliyesimama pembeni yangu akaendelea, nikadakia kwenye "uzima wa milele".