Leseni ya kusuka nywele: majimbo ya Marekani yaifute au yaiache?

Mama Riziki:
Hamjambo wote, wakubwa shikamooni. Naleta hili kwa sababu Jumapili baada ya ibada tumebishana mpaka chai ikapoa. Nilikaa Pennsylvania miaka saba kabla ya kuhamia hapa Iowa. Kule ukitaka kusuka nywele kwa malipo lazima uwe na leseni, na leseni huipati bila saa 300 za mafunzo. Mwaka 2018 Gavana Wolf alipendekeza ifutwe, pamoja na leseni nyingine kadhaa za kazi. Nilipohama ilikuwa palepale. Iowa nao walikuwa wakali kuliko hao, walitaka saa 2,100 za shule ya urembo! Wasusi wawili wakaenda mahakamani 2015, mmoja wao mkimbizi aliyetoka kwenye vita vya Sudan, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likawatoa wasusi kwenye sheria hiyo. Mimi nasema majimbo yote yafute. Kazi hii ni ya wanawake weusi wenyeji na sisi tuliokuja, na mtaji wake ni vidole. Mwenye sababu ya kuitetea leseni ajitokeze. Tusitukanane.

Kamau_Dallas:
Kufuta ni sawa kabisa. Huku Texas walifuta 2015. Kuna mama fulani, nafikiri ni Mnigeria, alishikwa na polisi kwa sababu ya kusuka, akaenda kortini akawabwaga wote. Lakini tuambiane ukweli, hawa wasusi wa nyumbani wamezidi. Bibi yangu anatoka saa tatu asubuhi kwenda kusukwa, anarudi saa mbili usiku ananuka vitunguu. Mtoto wa msusi amemlalia mapajani, matumbo yanachemka kwa sufuria, msusi mwenyewe simu iko kwa bega anaongea na dada yake. Na ile pesa ya kushika nafasi hairudishwi hata msusi asipotokea. Leseni labda ingewatia adabu kidogo.

Furaha wa Nyarugusu:
Kaka Kamau, vitunguu? Mimi nilijifunza kusuka kambini Nyarugusu, Kigoma, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Saluni yetu ilikuwa mkeka chini ya mwembe. Nimefika hapa Des Moines, Iowa, sina Kiingereza, sina gari, nina watoto wanne. Kiwanda cha nyama kilinitaka saa kumi na moja alfajiri, na watoto ningewaacha na nani? Vidole hivi ndivyo vimelipa pango. Mtu akikaa kwangu saa nane kichwa kikivutwa, simwachi na njaa, namwekea sahani. Kama bibi yako ananuka vitunguu ni kwa sababu alikula. Muulize kama aliikataa.

Kamau_Dallas:
Nimemuuliza. Alikula mara mbili. Hiyo haiondoi hoja.

Bi Saida wa Philly:
Mama Riziki umesema mwenye sababu ajitokeze, haya nimejitokeza. Hizo saa 300 za Pennsylvania nimezikalia mimi, hapahapa Philadelphia. Ada nililipa kwa awamu, usiku nafanya usafi maofisini, asubuhi niko darasani nasinzia. Sasa nimekodi fremu, nalipa bima, nalipa umeme, ukutani nimetundika cheti. Mtaa wa pili kuna dada anasuka sebuleni kwake kwa nusu ya bei yangu. Mkishafuta leseni yenu, zile pesa zangu nazidai wapi? Na msiniambie kusuka hakuna madhara. Naletewa watoto nywele za mbele zimeng'oka kwa kukazwa, wengine wana mapunye waliyoambukizwa na kitana. Kusafisha vifaa kwa dawa nimefundishwa shule, sikuzaliwa nako.

Mwalimu Hesabu:
Dada Saida, swali moja tu. Katika saa hizo 300, ni ngapi ulizofundishwa na mtu anayekuzidi kusuka? Najua jibu. Nyie mliokwisha vuka mnageuka walinzi wa daraja. Tazameni Kusini: Louisiana walidai saa 500, jirani zao Mississippi tangu 2005 msusi anajiandikisha tu na kulipa dola 25. Kufikia 2012 Louisiana nzima ilikuwa na wasusi 32 wenye kibali. Mississippi walikuwa zaidi ya 1,200. Watu wa Louisiana hawakuacha kusukwa, ila msusi alijificha, na aliyejificha hana mkopo wa benki, hana bima, hana hata kibao mlangoni.

Bi Saida wa Philly:
Mlinzi wa daraja? Sijibu maswali ya nywele kutoka kwa mtu asiye na nywele. Picha yako naiona hapo, kipara kinawaka kama sahani ya bati.

Swaleh wa Mvita:
Lahaula! Uzi umefumuka huu. 😂

Mwalimu Hesabu:
Kipara changu hakina leseni na hakijamdhuru mtu. Jibu swali.

Bi Saida wa Philly:
Kwanza mke wako anasukwa wapi? Anza na hapo.

Mzee wa Houston:
Vijana, kabla hamjachanana vichwa, nisahihishe jambo. Mama wa Texas si Mnigeria. Ni Isis Brantley, Mmarekani mweusi wa Dallas, na alikamatwa 1997, kabla baadhi yenu hamjapata hata viza. Kesi iliyoshinda Januari 2015 haikuwa ya kusuka bali ya kufundisha kusuka. Jimbo lilimtaka shule yake iwe na nafasi ya futi za mraba 2,000, viti kumi vya kinyozi na mabeseni ya kuoshea nywele, ilhali wasusi wa Texas kwa kibali chao hawakuwa wanaosha nywele! Jaji Sparks akasema masharti hayo yanakiuka katiba. Miezi michache baadaye bunge la jimbo ndipo likaondoa leseni ya kusuka yenyewe. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba mlango huu waliupiga mateke wanawake weusi wa hapa, na baadhi walivaa pingu. Sisi tumekuja tumeukuta wazi, tukaanza kubishana juu ya vitunguu.

Kamau_Dallas:
Sawa mzee, uraia nimekosea. Matumbo sikukosea.

Neema Ohio:
Mie naomba turudi kwenye ile pesa ya kushika nafasi, maana hapo Kamau kasema kweli. Natuma dola 40. Nikichelewa dakika kumi na tano, zimeliwa. Yeye akichelewa saa mbili, "dada samahani nilipitia dukani kununua rasta". Halafu siku hizi wanakuambia uje nywele zimeoshwa, zimekaushwa, zimenyooshwa, rasta ulete mwenyewe, mtoto usilete. Sasa yeye anafanya nini?

Furaha wa Nyarugusu:
Anasuka! Saa nane amesimama, mgongo unawaka moto! Unajua wangapi wanashika nafasi ya Jumamosi halafu kimya, simu wamezima? Hizo dola 40 ni adhabu ya wenzako.

Neema Ohio:
Kwa hiyo mimi nalipia dhambi za wengine kama Yesu?

Swaleh wa Mvita:
Wallahi hapa nimecheka mpaka chapati imeungua.

J.M. St. Louis:
Naweza kuweka la katikati? Huku Missouri walidai saa 1,500, wasusi wakashtaki, Januari 2018 mahakama ya rufaa ikasema jimbo lina haki. Mwaka uleule bunge likabadilisha sheria: unajiandikisha kwa ada ndogo, unatazama video ya saa chache kuhusu usafi na maradhi ya ngozi, unaanza kazi. Hofu ya Bi Saida ya mapunye imejibiwa, na Furaha hakai darasani mwaka mzima akifundishwa kupaka rangi nywele za Wazungu. Mnasemaje?

Neema Ohio:
Video haitamfundisha mtu kufika kwa wakati.

Kodi ni Lazima:
Mbona hamsemi la kodi? Wasusi wa sebuleni wanapokea hela kwa simu, hawatangazi mapato. Serikali ikifuta leseni inapoteza.

Mama Riziki:
Leseni na kodi ni vitu viwili, ndugu. Msusi asiye na leseni akitangaza mapato kihalali anakuwa amejishtaki kwa mkono wake. Ndiyo maana anajificha. Ukimtoa kwenye woga, atalipa. Mimi mwenyewe tangu nije Iowa nimejaza fomu kila mwaka. Pennsylvania sikujaza, na hilo silitaji kwa fahari.

Kodi ni Lazima:
Umekiri hadharani.

Mama Riziki:
Nimekiri, sasa nenda ukaripoti.

Asha K.:
Samahani, nimechanganyikiwa. Si kuna sheria ya California ya 2019 inayokataza kubagua watu kwa nywele zao? Texas nao wamepitisha 2023. Sasa leseni inatoka wapi tena?

Mzee wa Houston:
Binti, hiyo inamlinda mwenye kichwa, asifukuzwe kazini au shuleni kwa sababu ya rasta. Tunayobishania inamhusu mwenye vidole.

Asha K.:
Kwa hiyo jimbo linaweza kukulinda uvae rasta, na papo hapo likamtoza faini aliyekusuka?

Mzee wa Houston:
Linaweza.

Bi Saida wa Philly:
Nimesoma yote haya na hakuna hata mmoja aliyejibu pesa zangu nazidai wapi. Si mimi niliyeandika sheria. Niliambiwa fuata sheria, nikafuata, sasa naitwa mlinzi wa daraja na mwanamume wa hesabu. Mkitaka kufuta, futeni, lakini basi tuwe na bei elekezi. Mtu asisuke rasta ndogo za mgongoni kwa dola 80 akatuua wote.

Furaha wa Nyarugusu:
Bei elekezi nani aiweke? Wewe? Fremu unalipia wewe, mimi nilipie nini? Mteja wangu ni mama anayepanga maboksi bohari, watoto watatu wa kike, na shule inafungua Jumatatu. Dola 200 kwa kichwa anazitoa wapi?

Bi Saida wa Philly:
Basi usimlaze mtoto mapajani kwa mteja.

Furaha wa Nyarugusu:
Mtoto wangu umemkosea, dada. Sheria zungumza unavyotaka, mtoto muache.

Bi Saida wa Philly:
...Haya, la mtoto nalifuta. Wangu pia walilala chini ya kiti miaka hiyo, kabla ya fremu.

Mwalimu Hesabu:
Swali langu la saa 300 bado lipo.

Bi Saida wa Philly:
Sifuri. Mwalimu alikuwa mama wa Kizungu mpole sana, na wiki ya tatu alianza kuniomba mimi nimwonyeshe. Umefurahi? Ada hawakunipunguzia.

Mama Riziki:
Hilo ndilo nililoliletea uzi, dada Saida. Ungelianza nalo.

Bi Saida wa Philly:
Mngeniuliza kwa heshima ningeanza nalo. Mmeanza na vitunguu.

Kamau_Dallas:
Kwani ni mimi tena?

Furaha wa Nyarugusu:
Aliye Des Moines na karibu: Jumamosi nafasi moja imebaki, saa mbili asubuhi, rasta ninazo. Pesa ya kushika nafasi dola 30. Vitunguu havipo, napika dagaa.

Neema Ohio:
Zinarudishwa?