Shehena moja ya mahindi, majibu mawili ya aflatoksini: niamini lipi?

MtunzaGhala: Ndugu zangu, tulipima shehena ya mahindi kwa kijikaratasi cha kipimo cha haraka, tukapata aflatoksini (sumu inayotengenezwa na kuvu) chini ya kikomo kinachoruhusiwa. Sampuli nyingine ya shehena hiyohiyo ilipopelekwa maabara, majibu yakarudi juu ya kikomo, ilhali mahindi hayana hata doa la ukungu. Je, kasoro iko wapi? Na je, kijikaratasi hicho kinaweza kubaini pia sumu za mimea yenyewe?

BamboMkononi: Ndugu, kabla ya kushuku kipimo, chunguza sampuli ilichukuliwaje. Aflatoksini haisambai sawasawa: punje chache zilizoshambuliwa na kuvu kama Aspergillus flavus zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, huku punje zilizo kando yake zikiwa safi. Wapimaji wawili, mmoja akidunga bambo (chombo cha kuchotea nafaka guniani) penye punje safi na mwingine akiangukia punje moja mbaya, watapima kwa usahihi na bado watatofautiana. Inafaa kuchota kidogo kidogo sehemu nyingi za shehena, juu hadi chini, mpaka zipatikane kilo kadhaa, kisha kuzisaga zote laini na kuzichanganya, ndipo igawiwe sehemu ya kupima. Anayetenga gramu chache za punje nzima kabla ya kusaga ameshaharibu kazi. Wala usitegemee macho, kwa sababu kuvu hufa na sumu ikabaki, nayo haiondolewi na mapishi ya kawaida.

Mkemia_wa_Nafaka: Naafiki. Hata hivyo, hakikisheni pia kwamba kijikaratasi kilisomwa sawasawa: katika aina nyingi, sumu ikiwepo mstari wa kipimo hufifia badala ya kukolea, jambo linalowachanganya wageni wa kazi hii. Kuhusu sumu za mimea, jibu ni hapana, kwa kuwa kingamwili iliyomo (protini inayonasa sumu) hutambua sumu iliyokusudiwa na zile zinazofanana nayo kwa umbo. Linamarini ya muhogo, inayotoa sianidi, hupimwa kwa karatasi ya pikreti, ambayo hugeuka kutoka njano hadi kahawia nyekundu. Alkaloidi (kemikali za mimea, nyingi zikiwa sumu) za mbegu za magugu kama Datura, zinazovunwa pamoja na nafaka bila kukusudiwa, hutafutwa kwa kromatografia ya kimiminika ikiunganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine inayotenganisha kemikali kisha kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake, ambayo inaweza kubaini sumu nyingi kwa mkupuo mmoja. Mashine hiyo ni ghali, lakini sijaona mbadala wake kwa kazi hii.

MtunzaGhala: Nashukuru. Je, naweza kuchukua wastani wa majibu hayo mawili?

BamboMkononi: Usifanye hivyo. Iombe maabara ipime tena unga uliobaki wa sampuli yake. Jibu likikaribiana na lile la kwanza la maabara, elewa kwamba tofauti yenu yaelekea imetokana na uchukuaji wa sampuli, kwa hiyo shehena nzima ichotwe upya kwa utaratibu nilioueleza, na mpaka majibu yatoke gunia lisitoke ghalani.